Kitambaa Shingoni mwa Kidumu

Jikoni kwenye hoteli ile walimwita Masizi, na wala hakuudhika, maana masizi alikuwa akipambana nayo tangu ujana wake na bado alikuwa hajashindwa. Vichujio vya dohani, oveni, mashine ya kukaangia iliyoganda mafuta pembeni, tangi la mvuke lenye chokaa, vyote vilipita mikononi mwake. Mdomo pia alikuwa nao. Mpishi aliyeunguza sufuria aliulizwa kama kwao wanakula makaa.

Kitu kimoja tu hakumwambia mtu: macho yalikuwa yanamwishia. Umbo la mtu aliliona, lakini maandishi yalikuwa yamegeuka ukungu mtupu. Na mpishi mkuu alikuwa na amri isiyo na mjadala, kwamba asiyeweza kusoma lebo hagusi dawa. Bila dawa, Masizi angebaki kuosha vijiko, na hilo lilimtisha kuliko giza lenyewe. Basi akajitafutia njia. Kidumu cha klorini na kile cha asidi ya kutolea chokaa vilifanana kama mapacha, kwa hiyo cha asidi akakifunga kitambaa shingoni. Alipapasa, akajua. Yeyote aliyekiona kile kitambaa alidhani ni cha kufutia matone.

Kisha akaja mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, aliyechukuliwa kazini kwa majaribio. Masizi mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi. Binti huyo alikuwa na adabu na mikono myepesi, ila usafi wake haukuwa na breki. Siku ya usafi mkubwa, jiko limefungwa kwa wateja, alifuta rafu ya dawa, akavisugua vidumu, akaona kitambaa kimejaa grisi, akakitupa. Nani angemlaumu?

"Mama, hii ndoo ya kulowekea vibao vya kukatia, klorini imetosha?" aliuliza, ameiinamia.

"Hapana, ngoja niongeze."

Masizi akanyoosha mkono rafuni, akapapasa shingo tupu, akamimina. Harufu ya klorini ilikuwa imemjaa puani tangu asubuhi, hata hakuhisi kwamba hii ilikuwa nyingine. Asidi ikakutana na klorini, mvuke wa sumu ukapanda kutoka kwenye ndoo. Mkwe akakohoa, kisha akashindwa hata kukohoa.

Hapo macho hayakuhitajika. Masizi alimkamata aproni, akamburuta hadi uani. "Tokeni nje! Wote! Acheni kila kitu!" Hakumruhusu mtu kurudi ndani, hata yule aliyelilia simu yake. Alimwosha mkwe uso na macho chini ya bomba mpaka muuguzi wa zahanati ya jirani alipofika, akampima, akasema pumzi imerudi vizuri.

Mpishi mkuu alisubiri muuguzi aondoke. "Nani amechanganya dawa?"

"Vidumu niliviosha mimi, bosi," mkwe alisema, sauti ikikwaruza. "Labda nilivibadilisha mahali."

"Basi kesho usije. Sitaki mtu wa kutuua hapa."

Masizi angeweza kunyamaza. Kila mtu alikwishaamini, na mkwe mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kama mkosaji. Lakini ile sauti iliyokwaruza ilibaki masikioni mwake, akasogea mbele.

"Bosi, mwache huyo. Nilimimina mimi. Sisomi lebo, siku nyingi sasa. Nilikuwa naenda kwa kupapasa, na leo nusura nimzike mke wa mwanangu."

Hakuna aliyecheka, na kwa jiko lile hilo lilikuwa jambo geni. Amri ya lebo haikubadilika. Mkwe akabaki na dawa, Masizi akapewa vijiko.

Usafi mkubwa uliofuata aliketi juu ya kreti iliyopinduliwa, mikono mapajani, akisikiliza brashi ya mtu mwingine ikisugua mashine yake. Iliuma, tena sana. Alikuwa amegeuzia uso ukutani mkwe alipomsogelea.

"Mama, naomba mkono wako."

Alimwongoza hadi kwenye mashine ya kukaangia. Ilikuwa imesuuzwa na kukauka, plagi imechomolewa na kuwekwa juu ili wote waione. Masizi akapitisha vidole chini ya ukingo, mahali ambapo hata mwenye macho haoni mpaka alale sakafuni. Vidole vikasimama.

"Hapa bado."

Mkwe akapiga magoti, akachukua brashi. "Wapi tena, mama?"