Fikirini na Ule Utani wa Kamatini

Mpira wa ngozi ndio ulionipa jina mjini. Mimi ni Mrisho, fundi viatu, na baraza yangu ipo Mtaa wa Msimbazi, lakini timu zote za Kariakoo ziliniletea mipira yao iliyopasuka, nikaishona kwa uzi wa nta. Kwa hiyo nilimjua kila mchezaji, na kwa hiyo nikachaguliwa kuingia kamatini. Laiti ningebaki na viatu vyangu.

Ninayetaka kusimulia habari zake ni Fikirini, Mzaramo wa Kisarawe, kuli wa bandarini na golikipa wa timu yetu ya mtaa. Asubuhi alibeba magunia, jioni alidaka mipira. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikwisha pinda kwa kubanwa na makasha, na cha tatu kilikuwa kinaanza kukakamaa. Alikuwa akija barazani kwangu kuvikanda kwa mafuta ya nazi.

"Mrisho, hivi vimebakiza mwaka mmoja tu," aliniambia. "Nataka nidake mbele ya mji mzima, mara moja, halafu vife vikitaka."

Hakutaka zaidi ya hapo.

Mwaka 1956 nafasi ikaja. Manowari ya Kiingereza ilitarajiwa bandarini, na mabaharia wake wakaomba mechi na timu ya mji. Ikaundwa kamati: Wazungu wawili, Wahindi wawili, Waafrika wawili. Mwenyekiti alikuwa Mzungu, na alitangaza kwamba timu nayo itakuwa ya mseto, kila taifa nafasi sawa, kama viti vya Baraza la Kutunga Sheria. Sisi tumejaa mji huu mpaka mitaroni, Wazungu wote wangeenea ndani ya sinema moja, lakini huo ndio uliokuwa usawa. Tatizo ni kwamba kumi na moja haigawanyiki kwa tatu. Watu wazima tulibishana saa nzima juu ya zile nafasi mbili zilizobaki, na mwisho Wazungu wakachukua moja, Wahindi wakachukua moja, sisi tukabaki na tatu zetu.

Bwana Harilal, muuza vitambaa, aliyewasemea Wahindi, hakuwa hata na wachezaji wanne. Akamwandikisha mpwa wake Vasant, mcheza mpira wa magongo ambaye hajawahi kupiga mpira kwa mguu.

"Atajifunza," alisema, akaendelea na chai yake.

Lakini huo ulikuwa uchafu wa jirani, wa nyumbani nilikuwa sijauona.

Mwafrika mwenzangu kamatini alikuwa Eliasi, karani, Mnyamwezi, kaki yake imepigwa pasi na kadi ya chama imechungulia mfukoni. Kwenye mikutano ya Mnazi Mmoja hakuna aliyeupigia uhuru kelele kumshinda. Yeye na Fikirini walikuwa watani, kama walivyo Wanyamwezi na Wazaramo siku zote. Wakikutana njiani salamu yao ilikuwa matusi. Mama yake Fikirini alipofariki, Eliasi alijilaza ndani ya kaburi, akakataa kutoka mpaka apewe chake, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo utani ulivyo, unamsaidia mtu kubeba mzigo. Na mtani hakasirikiwi.

Ikafika zamu ya kumtaja golikipa, nami nikamtaja Fikirini. Mwenyekiti, aliyejifunza Kiswahili chake vitabuni, akamwuliza Eliasi anamjuaje mtu huyo.

"Nani, Mzaramo yule?" alisema Eliasi. "Mwizi wa kuku. Mdundiko ukipita barabarani ataliacha goli wazi aifuate ngoma mpaka Buguruni. Na akishakunywa tembo, mpira mmoja anauona mitatu."

Nikacheka. Mtani akitukana watu hucheka, ndiyo adabu yenyewe. Mzungu hakucheka. Alinitazama mimi ninayecheka, akaona ushahidi umetimia, akaandika. Hapo kicheko kikanikauka. Nikamgeukia Eliasi, nikingoja aseme, "Bwana, yule ni mtani wangu, nafanya mchezo." Eliasi alikuwa anatazama dari. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, akasema kwamba yupo kijana mmoja mtulivu, asiyekunywa, anaitwa Elisaria. Mwenyekiti hakujua kwamba Elisaria ni ndugu wa mke wa Eliasi. Mimi nilijua.

"Una neno, Bwana Mrisho?" aliuliza mwenyekiti.

Neno nilikuwa nalo, na lilikuwa fupi. Lakini nilikuwa nimekalia kiti chenye mto, mbele yangu kikombe cha kaure, na maishani mwangu Mzungu alikuwa hajawahi kuniita bwana. Na aliyenipendekeza kukaa pale alikuwa Eliasi huyo huyo.

"Sina," nikasema. Mpaka leo najitemea mate nikikumbuka.

Siku ya mechi uwanja ulifurika. Elisaria alifungwa mabao saba. Vasant aliukwepa mpira tangu mwanzo hadi mwisho, na Wazungu wetu wanne walipasiana wao kwa wao. Nyuma yangu walikuwepo watu niliowaona Mnazi Mmoja wakipaza sauti kwamba sisi sote ni wamoja. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza nani kaichagua timu hii. Waliuliza golikipa kabila gani. Fikirini alisimama nyuma ya goli, mikono mfukoni, na kila mpira ulipokuja mabega yake yalielemea upande utakakopita kabla haujapigwa. Niliacha kutazama mechi, nikawa natazama mabega yale.

Jumatatu alasiri alikuja barazani. Alikwisha ambiwa yote, maana Kariakoo haina siri. Mara Eliasi akatokea, akaanza kucheka tangu kona ya mtaa.

"We Mzaramo, bado unalia tu? Njoo nikununulie tembo, mwizi wa kuku wewe."

Ndiyo njia yetu hiyo. Ukishamuumiza mtu unamtupia tusi, naye akikurudishia basi, yamekwisha, hakuna aliyekosa. Nilimwomba Mungu Fikirini atukane. Lolote lingetosha.

Fikirini akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo, Bwana Karani. Habari za nyumbani? Karibu uketi."

Eliasi akacheka tena, peke yake. "Ah, si utani tu huo, ndugu yangu."

"Naam, bwana," alijibu Fikirini, akabaki amesimama, kichwa ameinamisha, kama tunavyosimama mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa serikali. Eliasi akageuka, akaenda zake.

Nikashusha pumzi. Nikamvutia Fikirini kigoda chake, nikamsogezea chupa ya mafuta ya nazi. Hakukaa. Alitoa kapuni mpira wa timu, umefumuka mshono, akauweka taratibu juu ya meza yangu ya kazi.

"Ukipata nafasi, Bwana Mrisho," alisema. "Nitashukuru."