Radhi Niliyoisoma kwenye Karatasi

Nilipaswa kumwambia mkuu wangu wa kitengo kwamba taarifa ile siiandiki bila kumtaja aliyekosa. Sikumwambia. Niliiandika, tena vizuri.

Nilikuwa afisa habari katika ofisi moja ya umma ya maji mjini Same. Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa jalada la taarifa kwa umma, yaani matangazo yanayotoka kwa jina la ofisi, nikaambiwa nijifunze humo. Nikajifunza. Watu wakikosa maji wiki nzima, tuliandika "usumbufu". Kosa letu liliitwa "changamoto". Mwishoni tuliomba radhi, na msomaji hakujua nani amekosa nini.

Kisha fundi wetu alipanda milimani, kijijini Mhezi, kukagua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Akafunga mlango wa maji kwa kufuli, akashuka na ufunguo bila kumwambia mtu. Mvua ikanyesha, maji yakapita juu ya ukuta na kuzoa tangawizi ya watu. Mlinzi wa ndiva, mwenye kazi ya kuufungua mlango huo, alikuwa kaka yangu, Eliamini.

"Andika hitilafu imetokea," mkuu alisema. "Ukimtaja fundi, watauliza nani alimtuma."

Aliyemtuma ni yeye.

Kaka aliwaeleza wanakijiji wenzake habari za kufuli. Wakamwuliza mbona taarifa ya ofisi haisemi hivyo, wakamvua ulinzi. Akashuka hadi ofisini kwangu.

"Mdogo wangu, wewe unajua. Sema tu."

Nilimjibu kwamba taarifa ikishatoka haibadilishwi.

Niliponyamaza hivyo, nilinyamaza miaka kumi na mmoja, mpaka nikastaafu. Ndipo nikapanda Mhezi siku ya msaragambo, watu wote wakiwa kwenye ndiva na majembe yao kwa kazi ya pamoja. Nikasimama mbele yao nikasema fundi wetu ndiye aliyefunga mlango, kaka hakukosa, nami nilijua; nikaomba radhi. Wengine waliinamisha vichwa. Kaka aliegemea jembe, akiitazama mikono yangu.

"Hata hii umekuja nayo kwenye karatasi," alisema.

Ni kweli, nilikuwa nasoma. Nilikuwa nimeiandika nyumbani mara tatu, nikifuta na kurekebisha kama nilivyozoea kazini.

Walimrudishia ulinzi, akaukataa. Siku hizi nikifika kwake namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anaendelea na shughuli zake. Nilikuwa na kaka mmoja tu. Taarifa ile ndiyo iliyonipotezea kaka huyo.