Anselme, Mvundika Majani wa Lubaga

Anselme alitoka Masisi, Kongo, mwaka 2008, akaacha nyuma ng'ombe kumi na saba. Kampala, mtaani Lubaga, hakupata hata mmoja, ila alipata kazi ya kuwalisha wa wengine. Alichukua maganda ya matooke, zile ndizi za kupika, na mabua ya mahindi pale sokoni Kalerwe, akayakatakata kwa panga, akayanyunyizia molasi na kuyashindilia ndani ya pipa mpaka hewa itoke. Baada ya mwezi mmoja yalikuwa yamechachuka bila kuoza, chakula cha kuwavusha ng'ombe kiangazi.

Wafugaji waliiamini pua yake. Alifungua pipa, akachota konzi moja, akanusa. Yakinukia uchachu kama wa maziwa mgando, mazuri. Yakinuka uozo, alimwaga yote, mwenyewe alalamike asilalamike.

Mwezi wa tatu 2021 aliugua homa. Alipoinuka, kahawa ilikuwa maji moto tu, haina harufu. Hakumwambia mtu. Mkewe Bibiane aligundua siku maharage yalipoungua naye amekaa kando ya sufuria.

"Baba Exaucée, acha kazi ya mapipa."

"Nikiacha nitafanya nini?"

Bibiane akaanza kuikwangua sufuria.

Mwezi wa saba alifungua pipa la Mama Sitti, mjane aliyekuwa na ng'ombe jike mmoja tu, tena mwenye mimba. Pipa lilikuwa na ufa chini, maji ya mvua yameingia. Juu majani yalikuwa na rangi nzuri. Anselme alinusa kwa mazoea.

"Iko sawa?" Sitti akauliza.

"Iko sawa, mama."

Siku ya tatu, Sitti alipofikia majani ya chini ya pipa, alisikia harufu mbaya. Lakini fundi alikuwa amesema iko sawa, akaendelea kulisha. Wiki ya pili ng'ombe aliharibu mimba. Kisha akawa anazunguka palepale, kichwa kimelala upande, mpaka akaanguka, akafa.

Daktari wa mifugo aliinamia pipa, akarudi nyuma, akamgeukia Anselme. "Majani haya ndiyo yaliyomuua. Harufu hii hukuisikia?"

Anselme akasema ukweli wote mbele ya Sitti, kwamba pua yake haisikii tena harufu. Mama yule hakumfokea.

"Toka lini?"

"Toka mwezi wa tatu."

Sitti akaingia ndani, akafunga mlango.

Anselme alirudi mara mbili, akitaka angalau kumsafishia zizi. Mara ya kwanza hakufunguliwa. Mara ya pili jirani alimwambia kuwa Sitti amehamia kwa dada yake Masaka, na mbao za zizi zimekwisha kuchukuliwa. Anselme akamshukuru, akashuka kilima kwa miguu.