Chumvi ya Mara ya Pili

Joto likizidi, popote nilipo, hunirudia Jumamosi moja ya Bladensburg, mwanangu. Nimeishi miji mingi tangu wakati huo. Nimefunga na kufungua masanduku mpaka vishikio vikalegea, na kuna nyumba nilizolala ambazo leo siwezi kukumbuka hata rangi ya mlango. Lakini ile Jumamosi naikumbuka pamoja na harufu yake: tango lililokatwa sasa hivi, limau, na mvua ya jana ikikauka juu ya lami.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kule Machakos, nikakaa nyumbani nikitazama barabara, kisha nikaja Amerika kwa Anti Tabitha, dada ya baba. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kidogo, simu zetu zilikuwa za kukunja, na mtu akikunja simu yake kwa kishindo ulijua amekasirika. Anti alifanya kazi katika nyumba ya wazee. Mimi nilimtunza bibi mmoja wa Kizungu huko Annandale, Bibi Dorothi. Fleti yetu ya Bladensburg ilikuwa ghorofa ya tatu, na kutoka roshani, ukichungulia katikati ya miti, uliuona mto Anacostia ukipita polepole kama mtu asiye na anakokwenda. Niliupenda kwa hilo. Huenda ndipo ugonjwa wangu wa kuzurura ulipoanzia.

Basi Jumamosi hiyo mama yake Kioko alikuwa anakuja kuniona.

Kioko ndiye kijana niliyetaka anioe. Alikaa Springfield kwa dada yake, na mama yao alikuwa amekuja kutoka Kitui kuwatembelea. Wiki iliyofuata alikuwa anarudi, kwa hiyo Jumamosi ya kuniona ilikuwa hiyo tu. Na Kioko hakuwa mtu wa kuoa bila kibali cha mama yake. Alishaniambia wazi, akitazama viatu vyake: "Mama akikataa, Mumbua, nitaendelea kukupenda, lakini sitakuoa." Nilimwona mwoga. Leo nina watoto wangu mwenyewe, nayaona maneno yale tofauti kidogo, ingawa si sana.

Anti alikuwa amepanga pilau, chapati na kuku wa mchuzi. Ijumaa jioni tulianza na kitu kidogo kwanza, saladi ya pasta, ambayo Anti alitaka kuipeleka kazini Jumapili, maana walikuwa na karamu ya kila mtu kuja na chakula chake. Saladi hiyo nilifundishwa na Bibi Dorothi. Nilichemsha pasta, ile iliyojiviringisha kama msumari wa kuzungusha, nikaichuja, nikaitia chumvi na mafuta ya zeituni ingali na joto isishikane. Chujio lilikuwa bado mkononi mwangu dhoruba ilipofika. Miti ilipinda ikionyesha tumbo la majani yake. Ikapiga radi moja, jiko likazima, na friji, ambayo sikuwahi kujua kwamba ina sauti, ikanyamaza. Nyumba nzima ilitulia kama mtu aliyeambiwa jambo zito.

Asubuhi stima haikuwa imerudi. Anti alitoka akarudi na mfuko wa barafu kutoka kituo cha petroli, tukaifukia pasta ndani ya lile sanduku la kubebea soda. Kuku wa mchuzi alikuwa ameanza kulainika. Jiko letu lilikuwa la stima, kama majiko yote ya jengo lile.

"Tuwashe makaa roshani," nikasema.

"Meneja atatutupa chini, sisi na makaa yetu."

"Basi tununue kuku aliyepikwa, upande ule wenye stima."

Anti akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mama mkwe aje mara ya kwanza nimpe kuku wa boksi? Afadhali nimpe maji nimwimbie wimbo."

Labda wewe uliyekulia kwenye friji hutaelewa. Kwetu mgeni akifika na chakula kimepoa, haambiwi ale. Anaambiwa akae kidogo, na sufuria inarudi motoni, hata kama ana haraka, hata kama ameapa kwamba ameshiba. Chakula cha baridi ni kiporo. Kumpa mgeni kiporo ni kumwambia kwamba mlikula bila kumfikiria. Na sisi tulikuwa na kitu kimoja tu kilichopikwa nyumba nzima, na kilikuwa juu ya barafu.

"Mpigie Kioko," Anti akasema. "Mwambie unaumwa."

Niliichukua simu. Ilikuwa imebakiwa na mstari mmoja wa chaji, inalia kama kifaranga. Niliifungua, nikaikunja, nikaifungua tena. Nikawaza: nikimwambia naumwa, mama huyu atapanda ndege akiwa hajaniona, na mimi nitabaki msichana wa kuhadithiwa. Heri anione na pasta yangu. Nikaikunja, nikachukua kisu.

Nilikata matango na pilipili hoho, nyekundu na ya njano, kitunguu nikakiosha kwa chumvi kisiwake sana, karoti nikaikwaruza. Nikachukua mahindi ya huko, ambayo ni matamu na laini hata yakiwa mabichi, nikayapukuchua kwa kisu punje zikiruka kila upande. Nilipokuwa nakata nilimwona Bibi Dorothi kama yuko hapo, kwenye kiti chake cha dirishani, amevaa kofia ya jua ndani ya nyumba, akinielekeza kwa kidole. Nyanya ziingie mwisho, alikuwa akisema, kwa sababu hulia. Na chumvi tia mara mbili: mara ya kwanza pasta ikiwa na joto, mara ya pili ikiwa imepoa, maana baridi huificha chumvi. Mimi hayo ya mwisho niliyachukulia kuwa maneno ya uzee. Chumvi si tayari imo? Itakwenda wapi?

Nilichanganya vyote katika bakuli la udongo la rangi ya bluu, ambalo bibi huyo huyo alinipa, nikakamulia limau, nikanyunyiza dhania. Lilikuwa zuri kutazama, mwanangu. Lilikuwa kama bustani iliyolala.

Walipanda ngazi, kwa kuwa lifti nayo ilikuwa imekufa. Nilimsikia mama kabla ya kumwona, akipumzika kila ghorofa na kumuuliza Kioko kama huyu msichana anakaa mbinguni. Kisha akatokea mlangoni: mwembamba, mrefu kuliko nilivyodhani, kitambaa kichwani, jasho shingoni. Akanishika mkono na hakuuachia upesi. Aliugeuza, akautazama, akausikia ubaridi wa barafu.

Anti akaanza. "Karibu mama, pole sana, utusamehe, stima ilipotea jana, tulikuwa na kuku, tulikuwa na pilau, utusamehe kwa giza, utusamehe kwa joto, hata kiti hicho, samahani, kina springi imetoka..."

Aliketi. Anti akamwomba radhi kwa maji kutokuwa baridi vya kutosha. Kisha akamwomba radhi kwa glasi. Kioko alinitolea macho ya kuniuliza tutafanya nini. Nikaleta bakuli, nikaliweka mbele yake, nikasema kama lilivyokuwa.

"Mama, hiki ni chakula cha baridi. Hakikupoa, ndivyo kinavyoliwa. Ndicho tulicho nacho leo."

Akainama akachungulia. "Haya ni mahindi?"

"Ndiyo, mama."

"Mabichi?"

"Mabichi, mama."

Akamgeukia mwanawe. "Kioko, kwetu huu si mgao wa mbuzi?"

"Mbuzi wa huku wamesoma, mama," Kioko akasema.

Anti alishindwa kuvumilia. "Utusamehe mama, kwa kweli ni aibu, ningekuwa hata na jiko la mafuta ya taa..."

"Tabitha," mama akasema. Hakupaza sauti. "Tangu niingie umeniomba radhi mpaka nimeshiba radhi. Ukiendelea sitabakisha nafasi ya chakula. Kila ukisema samahani nazidi kuwa mgeni. Keti hapa tule."

Anti akaketi. Sijawahi kumwona ameketi vile, kama mwanafunzi.

Mama akala kijiko kimoja. Akatafuna polepole, macho yake yakiwa dirishani, na nje majani yalikuwa yakidondosha maji ya jana, tone moja moja, na hakukuwa na sauti nyingine. Nilihesabu maisha yangu yote katika kutafuna kule. Akaweka kijiko chini.

"Chumvi imelala," akasema.

Nilikimbilia jikoni nikamletea kopo la chumvi, nikampa kwa mikono miwili. Hakulipokea.

"Mimi nimekuja kula," akasema. "Chakula ni chako. Kiamshe."

Hapo, mwanangu, nilitamani kumwambia Bibi Dorothi kwamba nimemsikia. Nilitia chumvi kwa vidole, kidogo, nikakamua nusu ya limau iliyobaki, nikatia mafuta kidogo. Sikutumia mwiko. Niliosha mikono nikachanganya kwa mikono, kutoka chini kuja juu, mbele ya macho yake. Nilikuwa nimejizuia mara ya kwanza kwa kuogopa kuzidisha. Sasa sikuwa na cha kuogopa, kwa kuwa nilichokiogopa kilikuwa kimekaa mbele yangu kikiningoja.

Akaonja tena. Akaongeza kwenye sahani, akala, akaongeza tena. Kwenye sahani ya tatu alianza kutusimulia juu ya ndege, jinsi alivyopewa mkate mdogo wenye ubaridi wa kaburi, na hakuna aliyemwambia kwamba ni wa baridi, waliutupa tu mbele yake wakapita. "Nikajua nimefika ugenini," akasema.

Tulikaa mpaka jua likalegea. Hakuna aliyekuwa na televisheni ya kutazama wala taa ya kuwasha. Tulitoka roshani na viti vyetu, na chini kwenye nyasi vimulimuli vikaanza, kimoja kimoja, kama watu wanaotafuta kitu walichoangusha. Mama Kioko alivitazama kwa muda mrefu. Alisema hakujua kwamba na huku viko.

Alipoinuka kuondoka, kulikuwa na saladi iliyobaki. Akalichukua bakuli langu la bluu, akalifunika, akasema, "Hili naondoka nalo."

Nilisikia Anti akivuta pumzi. Unajua desturi hiyo, hata kama unanijibu kwa Kiingereza ninapokuuliza: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Anayekichukua amejifunga kukirudisha na kitu ndani. Lakini Anti, ambaye furaha yake haikai bila wasiwasi, alipofunga mlango akasema, "Au labda ameona bakuli ni zuri tu."

Siku zilipita. Stima ilirudi, friji ikaanza tena kuongea peke yake. Kioko aliponipigia alizungumzia hali ya hewa. Nilimuuliza kuhusu mama, akasema mama hajasema. Siku ya safari yake ikakaribia na bakuli halikuja. Nikaenda Annandale, nikamwogesha Bibi Dorothi, nikamchana nywele, na alipouliza bakuli liko wapi nikasema liko safarini.

Jioni ya kuamkia safari ya mama, mlango uligongwa. Kioko alikuwa amesimama akishika kitu kilichofungwa kwa leso kama mtoto, anakibadilisha mkono kwa mkono kwa sababu kilikuwa kinamchoma. Nilifungua fundo. Ndani ya bakuli langu kulikuwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharage, yale yanayopikwa Kitui nusu ya siku. Mahindi yale mama aliyabeba kutoka nyumbani kwenye sanduku lake, ya kutosha chungu kimoja tu, na hakuwa amewaambia hata watoto wake yangepikiwa nani.

"Amesema ule kikiwa na moto," Kioko akasema. "Na amesema ametia chumvi mara moja tu, kwa kuwa hiki ni cha moto. Na akifika Kitui atawaambia wazee wakae kupanga posa."

Tulikula tumesimama jikoni, sisi watatu, kwa mikono, Anti akilia na kuomba radhi kwa kulia.

Mama Kioko amelala Kitui sasa. Bakuli ninalo bado. Limehama nami kila nilikohama, limefungwa ndani ya nguo, na Kioko huniambia tungehama mara chache zaidi kama ningekuwa na bakuli moja zito zaidi.

Nikuachie haya, mwanangu, kwa kuwa najua nawe miguu yako haitulii. Utakapopokea watu na huna ulichotamani kuwapa, wape ulicho nacho, na ukiite kwa jina lake. Usimrundikie mgeni samahani mpaka akose pa kukaa. Na ukiishi mbali na kwenu, mambo yako mengi yatapoa: mapenzi, undugu, lugha ya mama yako, hata maombi. Usidhani yameharibika, wala usidhani chumvi uliyotia zamani inatosha. Rudi, kionje ulicho nacho, ukikoleze tena, kwa mikono yako, bila kuogopa.

Mungu akupe nyumba yenye dirisha linalofunguka. Akupe watu watakaopanda ngazi kukufuata hata lifti ikifa. Na kila bakuli utakalolitoa kwako likiwa na baridi, akurudishie likiwa linakuchoma mikono.