Kikombe cha Mgeni Wetu

Kila nikisikia harufu ya kahawa ikikaangwa, namkumbuka mwanamke mkimbizi kutoka Ethiopia, aliyepokelewa na kanisa letu na kuletwa akae kwetu Meru pamoja na wanawe.

Siku ya kwanza mama alimchinjia kuku, naye hakumgusa. Mama akanong'ona jikoni, "Nimemkosea nini mgeni wa Mungu?" Hatukujua kwamba alikuwa katika mfungo wa kanisa lao, ambao hauruhusu nyama.

Kisha mgeni akaona buni zilizoanikwa uani. Akazikoboa, akazikaanga mpaka jiko likajaa moshi, akazitwanga na kuzichemsha, akampa mama kikombe kwa mikono miwili.

Mama alikuwa amechuma kahawa miaka yote, lakini yote ilienda kiwandani. Sisi tulikunywa chai. Akaonja, akakunja uso, akacheka.

"Chungu hii, dada," akasema. "Niongezee."