Damu ya Zuhura Haisafiri Peke Yake

Sikwenda Chanika kusaidia mtu, nilikwenda kuchungulia. Miaka ile, baada ya Vita Kuu ya Pili, Dar es Salaam yote ilikuwa ikinong'ona habari za mumiani, watu wanaosemwa huwavizia wenzao na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa za Wazungu. Mie mwalimu, Mpare, Mkristo wa kubatizwa, niliwakemea wanafunzi wangu wa Ilala wakilitaja jina hilo. Lakini magharibi nikisikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu, nilivuka barabara upesi.

Basi padri alipotangaza kanisani kwamba homa inaua watu Chanika, na kwamba daktari mmoja Mzungu anatafuta mtu wa kujitolea kumtafsiria, mkono wangu ulikuwa juu kabla sijafikiri.

"Na wakikunyonya wewe?" mke wangu akauliza.

"Kwa wembamba huu? Hawapati hata kikombe."

Alicheka, kisha akaniandalia chai.

Jumamosi asubuhi tuliondoka uani mwa kanisa kwa lori. Tulikuwa watatu: daktari, naye ni kijana mwenye nywele nyekundu ambaye Kiswahili chake kilitosha kuagizia chai tu; dereva Masanja, Mnyamwezi wa Tabora, sauti yake nene kama ya ng'ombe; na mie nimefunga tai. Nyuma kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli. Nilipotaka kulisogeza daktari aliruka. "Hapana! Wewe acha!" Ufunguo aliuvaa shingoni. Nikajiuliza, dawa ya kugawa bure inafungiwa kufuli ya nini? Jambo hilo nikaliweka moyoni.

Pugu, lori lilichemka mlimani tukasimama kulitia maji. Nikamvuta Masanja pembeni.

"Ndugu yangu, mle sandukuni mna nini?"

"Muulize mwenye ufunguo."

"Hujawahi kuona?"

"Mwalimu, mie naendesha lori. Wewe umekuja kutafsiri au kupeleleza?"

Nikaanza kumshuku na yeye.

Chanika tulifika jua limeshakuwa kali. Hapakuwa na mtu. Moto ulifuka mafigani, mihogo nusu imemenywa nusu bado, kuku wanazurura, lakini milango yote imefungwa. Kelele za lori zilikuwa zimetutangulia. Nikapiga hodi mlango wa kwanza mara tatu, kama adabu inavyotaka. Ndani nikasikia mtu anaguna kwa homa, na mwingine anamnyamazisha.

Hapo Masanja akapanua mdomo wake. "Wazaramo! Mmejificha bure! Leo nimekuja kuwanywa damu, na kuku nitaondoka nao!"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajua basi, ukweli umemtoka, na hao watu watatutokea na mapanga.

Badala yake, ndani pakatoka kicheko cha mwanamke. "Mpagazi we! Nani kakutua mzigo hata upate pumzi ya kupiga kelele?"

"Nimeutua nije kuoa hapa!"

"Kaoe mbuzi!"

Mlango ukafunguka. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Wazaramo na Wanyamwezi, wapagazi wa misafara ya zamani, ni watani, na mtani hutukana atakavyo wala hakuna wa kukasirika. Aliyetoka aliitwa Bi Tatu, mwanamke wa makamo, kanga kaikaza kiunoni. Alimtazama daktari, kisha mie, na kicheko kikaisha.

"Mtani namjua. Huyu mwenye tai ni nani? Macho yake yanachungulia chungulia."

Nikaona haya, maana ndivyo nilivyokuwa.

Anayeguna alikuwa Zuhura, mtoto pekee aliyembakia Bi Tatu, ana homa siku ya tatu. Daktari akasema anataka tone la damu kidoleni, alipeleke mjini likapimwe, kisha arudi wiki ijayo na dawa inayofaa. Nikatafsiri.

"Mjini wapi?" Bi Tatu akauliza.

Nikamuuliza daktari. Akasema ni hospitali, wasiwe na wasiwasi.

"Sikuuliza wasiwasi. Damu ya mwanangu isafiri peke yake, mwenyewe abaki hapa anakufa? Haisafiri. Ipimeni hapa, niione."

Nilitafsiri swali hilo kwa furaha, nakiri, kwa kuwa lilikuwa langu pia. Daktari akawa mwekundu hadi masikioni. Akashika ufunguo, akasita, akafungua. Nikachungulia kuliko wote. Vioo vidogo, chupa za kwinini, dawa ya malaria, na chini kabisa, imefungwa kwa blanketi, hadubini ya kukuzia visivyoonekana kwa macho. Alikuwa akiogopa kuitoa hapo isije ikaanguka, ndiyo maana alitaka damu ipimwe mjini. Nilishusha pumzi, ila sikushusha yote.

Kabla ya sindano kugusa kidole, Bi Tatu akamshika Masanja mkono. Safari hii hakutania.

"Mtani. Mwanangu akifa kwa mkono wa hawa uliowaleta, kaburi utachimba wewe. Si mwingine."

Kwenye msiba mtani ana kazi zake, kuchimba kaburi ikiwa mojawapo, na hilo halikuwa tusi la kuchekea.

"Nitachimba," Masanja akasema.

Hadubini ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Bi Tatu akainama, akatazama hadi tukachoka. "Vidudu," akasema. Zuhura akameza kwinini akikunja uso. Majirani walipoona Bi Tatu amechungulia na hajafa, milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, na tukafanya kazi mpaka alasiri.

Njiani kurudi nilijaribu kumtania Masanja, nikamwona hasikii.

Jumamosi iliyofuata alinipitia nyumbani, daktari yuko mbele na sanduku lake. Nyuma ya lori palikuwa na jembe. Sikuuliza la nini. Tulisafiri hadi Chanika nikilitazama linavyorukaruka.

Zuhura alikuwa kizingitini anamenya mihogo, amekonda, lakini kisu anakishika mwenyewe. Masanja akaegemea lori, akalia waziwazi, mtu mzima na sauti yake ile.

Bi Tatu akalitazama jembe. "Hilo la nini, mpagazi? La kumzikia mwanangu?"

"Ndiyo."

Akalichukua, akapima makali kwa kidole gumba, akamrudishia. "Shamba liko nyuma. Limekuja kuchimba, lichimbe."

Watu wakiniuliza leo kama mumiani wapo, nawajibu sijui, na bado navuka barabara. Ila anayetaka damu ya mtu siulizi tena sandukuni kwake mna nini. Nauliza nani ameahidi kuchimba.

"Na wewe mwenye tai," siku ile Bi Tatu akaniita, "unachungulia nini tena? Palizi unaijua?"

Nikavua tai, nikaitundika kwenye mti wa mhogo shambani, nikainama.