Hodi ya Mikokoni

Jamani, nani kaniitikia leo asubuhi?

Tulikuwa kambi ya shule, kule Mto Ruvuma unapoingia baharini. Jana niliwafundisha watoto kusoma nyayo kwenye tope. Leo maji yalipokupwa, tukaenda mikokoni kufanya mazoezi.

Mwanafunzi wangu Somoe akagoma. "Mwalimu, bibi kasema huku huingii bila hodi."

Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote (haya, nisemeni). Nikapaza sauti kwa masihara:

"Hodiii!"

"Karibuni."

Sauti ya mama mtu mzima. Ya upole, kama aliyekuwa anatusubiri.

Nikasema huyo ni mama anaokota chaza. Watoto wakainama, wakakagua tope lote mbele yetu, vilevile nilivyowafundisha.

Somoe akaniangalia. "Mwalimu, hakuna aliyepita hapa."

Tukageuza. Njiani akaninong'oneza, "Na hujaaga."

Kambi imeisha, sasa nimesimama mlangoni kwangu, mtaa wa Chuno. Naishi peke yangu, ila kila siku nikirudi napiga hodi, mazoea tu ya kwetu.

Ufunguo uko mkononi. Mdomo umekuwa mzito.

Nyie mngepiga?